Barua kwa mwanangu: hukuona aibu kuomba?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umeitwa kwenye usaili hapo Dar es Salaam, kazi ya kukichangishia chuo kikuu fedha kubwa, na kabla hujawajibu unataka kujua jambo moja: "Mama, miaka yote hiyo Marekani, hukuona aibu kuwaomba watu fedha?"

Niliona. Siku ya kwanza kumwomba mtu dola 50,000 koo lilinikauka. Nilipokwisha kutaja kiasi nikaanza kueleza, nikaeleza tena, hadi yule bwana akaangalia saa. Ukishataja kiasi, mwanangu, nyamaza. Mwache mwenzio afikiri.

Lakini siku za kuomba ni chache. Nilikuwa na wafadhili karibu 120 wa kufuatilia, na kwa wengi wao mwaka ulipita, pengine miwili, sijagusia fedha. Nakwenda, naketi, nasikiliza: nani alimlipia karo, mwalimu gani hamsahau, nini kilimuuma. Mhandisi mmoja mstaafu nilimwendea kwa habari za jengo la maabara. Saa nzima yeye alirudia ule muhula aliokaa nyumbani kwa kukosa karo. Nikarudi ofisini nikawaambia jengo si lake, tumwombe fedha za kusomesha wanafunzi. Alitoa, na alilia akitia saini.

Wala usimdharau anayetoa kidogo. Michael Bloomberg, tajiri wa Marekani, alihitimu Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1964, na mchango wake wa kwanza kwa chuo hicho ulikuwa dola 5. Mwaka 2018 alikipa dola bilioni 1.8 za kuwasaidia wanafunzi wasio na uwezo. Atakayekwambia watu wetu hawachangii vyuo, mkumbushe Nyeri, Kenya: wananchi walichanga kwa harambee miaka ya 1970 wakaanzisha taasisi ya Kimathi, na leo ni Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi.

Baba yako mdogo huniuliza nilikuwa napata asilimia ngapi ya fedha nilizochangisha. Hakuna, ni mshahara tu. Maadili ya wachangishaji wa huku Marekani yanakataza malipo ya asilimia, nami naunga mkono kwa moyo wote, maana anayelipwa hivyo atamkamua hata mgonjwa kitandani. Wakikuahidi asilimia hapo Dar, kataa.

Sasa nikueleze aibu yenyewe. Mama mmoja mjane aliweka dola 100,000 kwa jina la marehemu mumewe, zisomeshe wauguzi waliotoka familia za wakulima. Ulikuwa mfuko wa kudumu: fedha zenyewe haziguswi, zinawekezwa, na kila mwaka hutolewa kama asilimia 4, yaani dola 4,000 hivi, mwaka hadi mwaka hata sisi tukiwa hatupo. Mkataba tuliuandika, picha tukapiga. Miaka miwili ikapita bila mwanafunzi hata mmoja kupewa. Masharti yalikuwa membamba mno, na ofisi yetu na ile ya ufadhili wa wanafunzi kila moja ilidhani mwenzake anashughulikia. Mama wa watu alikuwa akingoja barua ya mwanafunzi, haiji.

Niliendesha gari kwa muda wa saa tatu kwenda kumwomba radhi. Alinipikia chai, akakaa kimya, kisha akasema, "Nilidhani mmemsahau." Hakutaja fedha hata kidogo. Alimtaja mumewe. Sijawahi kuinamisha kichwa mbele ya mtu kama siku ile. Tuliyafungua masharti kwa ridhaa yake, na muhula uliofuata binti mmoja akapata, akamwandikia barua ya kurasa mbili.

Unakumbuka nilivyokuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya shangazi yako, pale Kinondoni? Daftari langu lilikuwa na safu ya ahadi na safu ya waliolipa, na jioni nilipita nyumba kwa nyumba kudai. Hakuna aliyeniita ombaomba. Kila aliyechanga alijua atakuja ukumbini, atakula pilau, atamwona bibi harusi kwa macho yake. Mfadhili wa chuo haoni kitu mpaka wewe umwonyeshe. Hiyo ndiyo kazi, na hufanyika zaidi baada ya fedha kuingia kuliko kabla.

Kwa hiyo kwenye usaili waulize maswali mawili. Nani humwandikia mfadhili mwaka wa pili na wa tatu? Na mfuko usipopata mwanafunzi, nani huambiwa kwanza? Wakitazamana, fikiri sana kabla ya kukubali. Wakikutolea faili, nenda kafanye kazi.

Nipigie ukitoka, hata kama huku ni usiku wa manane. Simu nitaiweka karibu na mto.

Mama yako