Ushauri kwa Anayeanza Kusoma Sumaku za Msokoto

Wanafunzi wa fizikia ninaosoma nao hapa Arusha huniuliza ni programu gani ya kompyuta inayofaa kukokotoa mawimbi ya spini, yaani mitikisiko inayosafiri kati ya spini (mishale midogo ya usumaku ya atomu), katika sumaku ambazo spini zake zimejipanga kwa msokoto. Huwajibu kwamba waanze kwa kalamu na karatasi, kwa mnyororo mmoja tu wa atomu, na wasiendeshe programu yoyote mpaka waweze kusema mapema ni wapi nishati ya wimbi itashuka hadi sifuri.

Chukua mnyororo ambao kila spini inataka kuelekea upande mmoja na jirani wa kwanza, lakini inataka kumpa kisogo jirani wa pili. Matakwa hayo hayatimiziki yote kwa pamoja. Nguvu ya jirani wa pili isipozidi robo ya nguvu ya jirani wa kwanza, spini zote huelekea upande mmoja. Ikizidi, kila spini hugeuka kwa pembe ile ile kutoka kwa iliyoitangulia, na hapo msokoto huzaliwa. Kosaini ya pembe hiyo ni nguvu ya kwanza ikigawanywa kwa mara nne ya nguvu ya pili. Kwa mfano, nguvu ya pili ikiwa nusu ya ile ya kwanza, pembe ni nyuzi 60, na spini ya saba inarudi kuelekea ilikoelekea ya kwanza. Wazo hili lilielezwa mwaka 1959 na Yoshimori, Villain na Kaplan, kila mmoja kivyake, nami naona ni miongoni mwa hesabu nzuri kuliko zote katika somo la usumaku.

Hata hivyo, uliza kwanza msokoto ulio mbele yako umetokana na nini. Manganizi-silisaidi (MnSi, fuwele ya manganizi na silikoni) husokotwa na sababu nyingine: fuwele yake haina kitovu cha ulinganifu, kwa hiyo nguvu iliyoelezwa na Dzyaloshinskii mwaka 1958 na Moriya mwaka 1960, ambayo huzifanya spini jirani zipindane, inapata nafasi ya kufanya kazi. Chini ya kelvini 29 hivi, spini zake hukamilisha mzunguko mmoja katika nanomita 18 hivi, ambazo ni kama seli 40 za fuwele, na fuwele yenyewe ndiyo inayoamua msokoto uwe wa kulia au wa kushoto.

Ukifika kwenye mawimbi, usitumie mhimili mmoja kwa spini zote. Ipe kila spini mhimili wake, ulioelekea pale spini hiyo inapotulia, kwa sababu ukifanya hivyo spini zote zitafanana na mnyororo wenye kujirudia kila baada ya atomu sita utakuwa wa kujirudia kila atomu. Baada ya hapo mbinu ya Holstein na Primakoff ya mwaka 1940, inayogeuza mitikisiko midogo ya spini kuwa hesabu ya chembe za mawimbi, inatumika bila taabu. Katika mnyororo wetu, nishati lazima iwe sifuri mahali pawili: kwenye vekta ya wimbi (kipimo cha jinsi wimbi linavyobadilika kutoka atomu hadi atomu) ya sifuri, kwa kuwa kuzigeuza spini zote pamoja ndani ya bapa lao, yaani uso bapa ambamo zote hulala, hakugharimu kitu, na kwenye Q na hasi Q, yaani vekta ya msokoto wenyewe, kwa kuwa kuliinamisha bapa zima nako hakugharimu kitu. Sifuri zisipotokea hapo, kagua alama zako za kujumlisha na kutoa. Ukipata namba hasi chini ya kipeuo cha pili, pembe uliyoichagua siyo yenye nishati ndogo kabisa. Lakini ikiwa fuwele inalishikilia bapa, kuliinamisha kutakuwa na gharama, na sifuri ya kwenye Q itaondoka kwa haki.

Huku kwetu hatuna tanuri la kutoa nyutroni, chembe zinazorushwa kwenye sumaku ili kuyaona mawimbi yake, kwa hiyo tunalinganisha hesabu zetu na vipimo vya mahali kama Grenoble, Ufaransa, na hapo pana jambo la kuangaliwa sana. Nyutroni haifuati mihimili yako iliyogeuzwa: mtikisiko wa nje ya bapa huuona kwenye vekta ile ile uliyoikokotoa, lakini ule wa ndani ya bapa huuona ukiwa umesogea kwa Q mbele na nyuma. Kwa hiyo sifuri zote mbili hukutana kwenye Q na hasi Q, na huko ndiko mawimbi ya nishati ndogo yanakochipukia katika vipimo.