Blustemu ikilala chini, usiiongezee mbolea

Dada mmoja wa Minneapolis ametuma picha: kichaka cha nyasi ya blustemu ndogo kimepasuka katikati kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, mabua yamelala hadi njiani. Anauliza aongeze mbolea gani. Usiongeze yoyote, dada. Mara nyingi mbolea ndiyo inayoiangusha.

Blustemu ndogo, kitaalamu Schizachyrium scoparium, ni nyasi ya mbuga za katikati ya Marekani. Nebraska iliifanya nyasi ya jimbo mwaka 1969. Kwao ni jua kutwa na ardhi kavu isiyo na rutuba nyingi, na mizizi yake hushuka zaidi ya mita 1.5. Ukiilisha samadi na kuinywesha kila siku, hurefuka upesi, bua linabaki laini, na mvua ya Agosti ikilikuta limebeba mbegu, linalala. Kivuli nacho huleta shida hiyohiyo. Isipopata jua walau saa 6, huinama kuufuata mwanga.

Panda Mei, udongo ukishapata joto. Chimba shimo lenye kina cha chungu cha mche na upana mara 2, bila kutia mboji. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Shingo, pale mabua yanapokutana na mizizi, iwe sawa na ardhi. Ukiifukia au kuilundikia matandazo, huoza theluji inapoyeyuka, halafu baridi ndiyo inayosingiziwa! Mwagilia msimu wa kwanza tu, ukiona udongo umekauka kwa kina cha kidole. Mwaka huo mche utaonekana umedumaa kwa sababu unashughulika na mizizi.

Usikate vuli. Rangi ya shaba ndiyo uliyoipandia, na ndege wanazitaka mbegu. Subiri mwisho wa Machi au Aprili mwanzoni. Zungushia kichaka kamba ya katani kiunoni, kaza, kisha kata kwa mkasi wa ua sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Chote kinatoka kama mganda wa mpunga, yadi inabaki safi. Baada ya hapo vumilia, maana nyasi hii huchelewa kuamka, na kuna wanaoing'oa Mei wakidhani imekufa. Fukua shingo kidogo: ikiwa ngumu, ni hai, ikipondeka, imeoza.

Kichaka cha zamani kikifa katikati, king'oe kinapoanza kuchipua, kipasue kwa beleshi, upande vipande vya pembeni.

Dukani, aina ya The Blues ina rangi nzuri lakini hulala sana. Standing Ovation husimama.

Hicho cha kwenye picha kifunge kamba legevu kwa vigingi vitatu vya pembeni mpaka theluji. Aprili kihamishie juani, mbali na bomba la kumwagilia bustani.