Bibi anasema kashiba, chakula kimebaki chote

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Mbagala na bibi yangu, ana miaka 88. Mimi na mume wangu tunatoka alfajiri kuwahi daladala tunarudi usiku, dada wa kazi anampikia anamfunikia na kawa, ila nikirudi nafunua nakuta wali umekauka juu, mchuzi umeganda, bibi anasema kashiba. Siku nzima chai ya rangi na mkate. Magauni yanamvuka sa hivi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mpeleke apimwe uzito, maana akipungua zaidi ya asilimia 5 kwa mwezi mmoja huo sio uzee, ni ugonjwa unatafutwa. Waangalie na meno, na ubebe dawa zake zote, zipo zinazoua hamu ya kula.

Ila hapo kwenye kawa ndo pameniuma. Huyo bibi kala maisha yake yote kwenye sinia na watu, leo anawekewa sahani peke yake anaangalia ukuta. Mama yangu alivyofiwa na shoga yake aliacha kabisa kula mchana, tukahangaika na dawa za minyoo bure, mpaka mtoto wa jirani alipoanza kuja akitoka shule, wanakaa mkekani, mama anamchambulia samaki miba, "kula mwanangu", huku na yeye anatia tonge mdomoni bila kujijua. Hatukumlazimisha.

Kwahiyo mwambie dada asimpakulie akaondoka, wakae wale wote. Ampe na mchele achague au mchicha achambue, na jirani mwenye umri wake aitwe hata mara mbili kwa wiki.

Chai na mkate havimtoshi, kama figo zake nzima mzee anahitaji protini gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwahiyo uji utiwe maziwa na karanga za kusaga, yai lichemshwe, maharage yapondwe, dagaa watwangwe kwenye mchuzi. Maji mpe bila kusubiri aombe, mtu akizeeka kiu haimjii kama zamani.

Na Jumapili ukiwa nyumbani hilo kawa lisitoke jikoni, pakua sinia moja ukae chini naye.