Usianze kwa kumpokonya simu

Mzazi wa Mombasa akisikia mwanawe anachekwa kwenye grupu la WhatsApp, mkono huenda kwenye simu ya mtoto kabla mdomo haujauliza kitu. Simu hufungiwa kabatini, na nyumba ikatulia. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya sekondari ya kutwa hapa kisiwani, na najua kinachofuata. Grupu huendelea kucheka vilevile, ila sasa mtoto haoni yanayosemwa juu yake, anayasoma machoni mwa wenzake akiingia darasani. Tena amepata funzo: ukisema, unaadhibiwa wewe. Mara ya pili hasemi.

Wengi wakisikia uonevu wa mtandaoni hufikiria picha za utupu. Zipo, nitazifikia. Lakini mengi yanayoletwa kwangu ni mambo ambayo mgeni angeyaona madogo. Chukua picha ya msichana iliyopigwa usiku wa kupamba, ile sherehe ya harusi, kichwa wazi, nywele zimetengenezwa, gauni la mikono mifupi. Sote twajua kupamba ni kwa wanawake pekee, na siku hizi kuna harusi ambazo simu huachwa mlangoni. Moja ikipenya inatosha. Picha inakatwa, inatiwa maneno ya kejeli, inageuzwa stika. Na stika ni mbaya kuliko picha, kwa sababu kila mtu huihifadhi na kuitupa kwenye mazungumzo hata pasipo ugomvi. Msichana akiuliza hesabu za kesho ziko ukurasa gani, anajibiwa kwa uso wake mwenyewe.

Ukiiripoti, WhatsApp hutumiwa jumbe tano za mwisho za mazungumzo hayo. Atakayezitazama ataona msichana aliyevaa nguo, anatabasamu. Ataona kosa gani? Aibu ya kupamba haieleweki nje ya Pwani. Ndiyo maana nasema kazi kubwa hapa ni yetu.

Basi mzazi, keti na mtoto, simu ikiwa mkononi mwake. Usimuulize kwa nini alikuwa kwenye grupu hilo. Muulize nani mwengine ameiona. Kisha pigeni picha za skrini, na zionyeshe nambari ya mtumaji, si jina tu alilolihifadhi mwanao, pamoja na tarehe na jina la grupu. Fanyeni siku hiyohiyo: mtumaji ana muda wa siku mbili na ushei kuufuta ujumbe kwa wote, na kuna magrupu yaliyowekwa jumbe zijifute baada ya saa 24. Ushahidi ukishapatikana, mwambieni admini aifute. Ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwenye grupu lake.

Picha ya utupu ya mtoto ina njia nyengine. Hiyo usiihifadhi, usiipige picha ya skrini, usimtumie hata mwalimu mkuu. Kuwa nayo tu ni hatari kwako kisheria, hata kama nia yako ni njema. Andika nambari, saa na jina la grupu, kisha nenda polisi. DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, wana kitengo cha kulinda watoto. Nambari 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, na wanaopokea wamezoea mambo ya watoto. Kuna pia huduma ya Take It Down: picha yenyewe haitoki kwenye simu ya mtoto, kinachotumwa ni alama yake ya tarakimu tu, na mitandao iliyojiunga huitumia kuisaka na kuiondoa.

Sasa shule. Jambo moja nawaomba walimu wenzangu, hata kwa kupiga magoti: msilitangaze paredi. Hata jina lisipotajwa. Waliokuwa hawaijui stika wataitafuta kabla ya kengele ya mapumziko. Viboko navyo, mbali na kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza adhabu ya mwili, humtoa mtoto ofisini akiwa shujaa wa grupu. Na kumsimamisha masomo ni kumpa likizo na nafasi ya kushinda na simu mchana kutwa.

Ninachoona kinafaa ni kuwaita mmoja mmoja, kila mmoja na mzazi wake. Simwanzii aliyetengeneza. Naanza na waliosambaza na kucheka, kwa sababu bila wao mtengenezaji hana hadhira. Kila mmoja anaifungua simu yake mbele ya mzazi na kuiondoa stika kwa mkono wake. Kazi hii inachosha, na kuna wazazi watakaokwambia, "Mwalimu, huo ni utani wa watoto." Hapo ndipo natoa sheria. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kinahusu usumbufu wa mtandaoni, na adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni 20 au miaka 10 jela. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inataja dhuluma za mtandaoni, na umri wa kuwajibika kwa jinai ni miaka 12. Mwanafunzi wa sekondari ameshaupita. Sina haja ya kumpeleka mtu mahakamani. Nataka baba wa watu aache kutazama saa.

Akina mama, hili ni letu. Fuatilia picha hizi za kupamba na mara nyingine utafika kwenye simu ya mtu mzima: shangazi aliyeiweka kwenye stetasi, akasahau nani anaitazama.

Wavulana ni wagumu zaidi. Hawaji ofisini. Namjua aliyeonewa kwa kuona ameanza kuchelewa, au kaacha mpira jioni. Kwake naanza na huo mpira, ya simu yatakuja.

Mkishamaliza, msiifunge faili. Stika huhifadhiwa, na ikifika likizo mmoja huirusha tena. Muulize mtoto tena shule zikifungwa, na zikifunguliwa, hata akikujibu kwa kuudhika.