Wepesi si kubadili amri kila usiku

*Maswali ya wasomaji: Biashara na watu wake*

Swali: Shikamoo mama. Naandika kutoka Mkomani, Lamu. Nina gesti ya vyumba 8 niliyorithi kwa marehemu baba, na mashua moja ya kutembeza wageni. Tuko watu 9 pamoja nami. Januari nilikwenda Mombasa kwenye mafunzo ya siku mbili ya wenye biashara za utalii. Tukaambiwa dunia inabadilika upesi, na biashara isiyokuwa nyepesi kubadilika itakufa. Nilirudi na ari tele. Nikahamishia chai ya asubuhi darini, nikaishusha, nikaipandisha tena. Bei za vyumba nimezibadili mara 3. Kijana wa mapokezi nimemtia kwenye utembezaji na mtembezaji nimemweka mapokezi, ili kila mtu ajue kila kazi. Wazo likinijia usiku, nalituma kwenye kundi la WhatsApp papo hapo.

Mwezi uliopita mapokezi waliuza safari ya magofu ya Takwa, saa tatu asubuhi. Nahodha alikuta maji yameshaanza kupwa, akanyamaza, akaenda. Mashua ikakwama kwenye tope la mikoko, wageni 6 wakakaa juani mpaka maji yalipojaa. Nikarudisha pesa zote. Nilipomuuliza nahodha kwa nini hakukataa, alinijibu, "Nilidhani ndiyo mpango mpya." Na wiki hii mpishi wangu, niliye naye miaka 11, ameniambia mwisho wa mwezi anaondoka. Nimekosea wapi, nami nafanya kama nilivyofundishwa?

*Mama wa Gesti, Lamu*

Jibu: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili sikuweza kupita maneno ya nahodha wako. Mtu huyo anajua saa ya kupwa na kujaa bila kutazama saa ya mkononi. Anajua kwamba Takwa haiingiliki ila kwa maji yaliyojaa. Ameliona tope kwa macho yake, na bado akaenda, kwa sababu umemzoesha amri zinazokuja usiku bila sababu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mafunzo hayakukudanganya, ila naona ulirudi na nusu yake. Habari hii ya wepesi ilipata nguvu Februari 2001, watu 17 wa kutengeneza programu za kompyuta walipokutana Snowbird, kwenye milima ya Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi. Walikuwa wamechoshwa na miradi inayoandikiwa makaratasi mengi, na kazi inapomfikia mteja haja yake imeshakuwa nyingine. Wakasema wanathamini kuitikia mabadiliko kuliko kufuata mpango. Maneno hayo ndiyo yanayosomwa kwenye semina. Yanayofuata hayasomwi sana: wakasema mpango nao una thamani yake, ila lile la kwanza wanalithamini zaidi. Na wanaofuata utaratibu wa skramu, unaokwenda na fikra hizohizo, hujiwekea mzunguko wa kazi usiozidi mwezi mmoja, na lengo la mzunguko huo halivurugwi katikati. Bosi akiota wazo usiku wa Jumatano, linaandikwa kwenye orodha lisubiri. Kwa hiyo hata hao wenye wepesi wao wana kitu walichokifunga kamba. Wewe hukufunga hata kimoja.

Nikwambie yaliyonifika mimi hapa Malindi, maana niliyalipia. Nilikuwa na biashara ya udobi, tukifua shuka na taulo za hoteli, wafanyakazi 14. Wageni wengi wa hoteli hizo walikuwa Wataliano. Mwisho wa Februari 2020, dada aliyekuwa akizunguka na tuktuk kukusanya mafurushi aliona yamepungua. Hakusoma gazeti, aliyainua tu. Hoteli iliyokuwa ikitoa mafurushi 9 ilitoa 5, kisha 4. Akamwambia msimamizi. Msimamizi akamjibu asubiri kikao cha mwisho wa Machi, na hakukosea, kwa kuwa sheria ya kuleta kila jambo kikaoni niliiweka mimi. Tarehe 10 Machi Italia nzima ikafungwa kwa sababu ya korona. Siku hizo nilikuwa nimeshachukua kwa mkopo madumu 20 ya sabuni ya maji, nikiingojea Pasaka. Tarehe 25 Machi Kenya ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje. Kikao kilipofika, hapakuwa na kazi ya kujadili, palikuwa na deni.

Habari niliyoihitaji ilikaa ndani ya nyumba yangu mwezi mzima, mikononi mwa mtu ninayemlipa mshahara, na haikuwa na njia ya kunifikia. Mpaka leo nikiona furushi la shuka nalikumbuka hilo. Mimi nilikuwa nimefunga kila kitu, wewe umefungua kila kitu, na kilichotupata ni kimoja: aliyeona hakuweza kusema, au alisema pasipo na wa kutenda.

Umekulia Lamu, umeyaona mashindano ya mashua. Upepo ukizidi, mabaharia wanatoka kukaa kwenye mrengo, ule ubao unaotokeza nje ya chombo, ili kukiweka sawa. Hawangoji kuitwa mmoja mmoja. Aliyeshika demani, kamba ya kuongozea tanga, anausikia uzito wa tanga mkononi kabla nahodha hajasema neno, analegeza. Huo ndio wepesi. Lakini wote wanajua boya la kuzunguka liko wapi, wanajua nani kashika usukani, na sijapata kuona nahodha anayebadili boya watu wakiwa katikati ya maji.

Basi anza na mashua yako. Kesho waite nahodha na mapokezi pamoja, useme mbele yao kwamba saa ya safari ya Takwa anaitaja nahodha. Mapokezi wasiuze saa, wauze siku; saa waulize kwanza. Akisema leo hapana, ni hapana, hata kama mgeni ameshalipa, hata kama ni wewe uliyeahidi. Kisha siku atakapokataa kweli, na pesa ikaondoka, mshukuru mbele ya wenzake. Usiposhukuru siku hiyo, ruhusa yote uliyompa imekwisha. Kwenye viwanda vya Toyota kuna kamba, au kitufe siku hizi, ambayo fundi yeyote akiona kasoro huivuta. Kiongozi wa kundi huja hapo hapo, na wasipoitatua kwa wakati, mstari mzima wa magari husimama. Kamba ni kitu rahisi, kila kiwanda kinaweza kuifunga. Kazi iko kwa yule kiongozi anayekuja: anakuja kusaidia au anakuja kufoka? Akifoka mara moja, ile kamba haitavutwa tena.

Mapokezi nao wape mpaka wao. Mgeni akilalamika maji hayatoki bombani, kijana aweze kumpunguzia mpaka shilingi 2,000 bila kukupigia simu, aandike tu kwenye daftari. Ukiona imetumika vibaya, zungumza naye. Usiifute kwa wote.

Bei za vyumba zifunge: moja ya Kaskazi wageni wanapokuwa wengi, moja ya Kusi bahari inapochafuka na mji unapopoa. Usiziguse msimu haujaisha. Kubadilishana kazi si kubaya, lakini ulimng'oa kila mtu kwenye anachokijua kwa siku moja. Warudishe. Anayetaka kujifunza kazi ya mwenzake afuatane naye siku moja kwa wiki.

Asubuhi simameni dakika 10, wote, hapo kwenye daka la nyumba, kila mtu aseme alichokiona jana ambacho wewe hukukiona. Wewe sema mwisho. Najua ni vigumu. Mimi ilinichukua miezi kujifunza kunyamaza. Huyo dada wa tuktuk ndiye niliyemtanguliza kusema tulipoanza upya, na ndiye aliyetuambia kwamba watu wa mitaani wana mazulia na mapazia wasiyoweza kufua nyumbani. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha hoteli zikiwa zimefungwa.

Mawazo ya usiku yaandike kwenye daftari kando ya kitanda. Kundi la WhatsApp libaki la habari za kazi ya siku. Kila wiki mbili soma daftari lako pamoja nao, mchague wazo moja, mlijaribu kwa wiki mbili, na atakayelitenda ndiye atakayesema kama linafaa.

Na mpishi. Usimwite ofisini, mwendee jikoni baada ya chai ya wageni, ukae. Muulize katika mabadiliko yote ya mwaka huu lipi limemwumiza. Mimi nakisia. Umewahi kubeba birika na sinia la mahamri na mbaazi kwa ngazi zile za nyumba za Lamu, nyembamba na za kusimama, mpaka darini, mara 8 asubuhi moja? Panda naye kesho, wewe ukibeba. Ukifika juu utakuwa na la kumwambia. Huenda ataondoka vilevile. Mlipe haki yake yote na siku zake za likizo, muagane kwa wema. Akibaki, chai irudi chini mpaka mwenyewe atakaposema vinginevyo.

Swali: Sisi ni vijana 6 wa Malindi, tunapeleka wageni kuona matumbawe. Kila jambo tunapiga kura, hata kununua mafuta, na wageni wanachoka kungoja wanaenda kwa wengine. Tuchague bosi?

Jibu: Bosi wa kila kitu hamumhitaji. Wekeni zamu ya wiki: aliye zamu anakata neno juu ya mafuta, bei na saa ya kuondoka, Jumapili mnahesabu, anashika mwingine. Kura iwe ya kununua injini, ya kukopa, ya kuingiza mwenzenu mpya. Na kuhusu bahari, yeyote kati yenu akisema leo hatutoki, hamtoki. Hilo halina kura.