Maswali ya Wasomaji: Je, UKIMWI Ulitoka Gombe?

Barua tatu za safari hii zimegusa jambo moja, yaani virusi vya UKIMWI, na mbili kati yake zinawahusu pia sokwe wa Gombe, hifadhi yetu ya hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, hivyo nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu uvumi unaotajwa ndani yake nimeusikia mwenyewe zaidi ya mara moja nikiwa ndani ya boti za abiria zinazotoka Kibirizi.

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Mwamgongo, kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Gombe. Hapa kwetu wapo wazee wanaosema kwamba UKIMWI ulianzia kwa sokwe wa Gombe, na kwamba Wazungu waliokuja kuwachunguza ndio walioutoa msituni wakautia kwa watu. Mwanangu yuko kidato cha tatu, naye anasema mwalimu wao amekiri darasani kuwa sokwe wa Gombe wana virusi kweli. Nani mkweli, wazee au mwalimu?

JIBU: Marahaba. Mwalimu amesema kweli. Wazee wamekosea, ila kosa lao lina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana limedumu.

Ni kweli kwamba baadhi ya sokwe wa Gombe wana kirusi ambacho ni ndugu wa kirusi cha UKIMWI. Wanasayansi hukiita SIV, na kwa kuwa sokwe wa porini hawezi kukamatwa na kutolewa damu bila kuhatarishwa, watafiti walibuni njia ya kukitambua katika mkojo na kinyesi kinachookotwa chini ya miti wanamolala. Kwa njia hiyo, mwaka 2002 ilitangazwa kwamba kirusi hicho kimepatikana Gombe. Habari za namna hiyo zikifika kijijini bila maelezo, mtu halaumiwi kwa kufikiri kwamba chanzo cha maradhi kiko nyuma ya nyumba yake.

Hata hivyo, undugu una ngazi zake. Kirusi kinapojinakili hufanya makosa madogo madogo katika vinasaba vyake, na makosa hayo hurithiwa na vizazi vinavyofuata, kwa hiyo mtaalamu anayelinganisha virusi viwili anaweza kujua kama ni ndugu wa tumbo moja au ni watu wa ukoo walioachana zamani. Vipimo hivyo vimeonyesha kwamba kirusi kilichosambaa duniani kote, kinachobeba sehemu kubwa kabisa ya maambukizi ya binadamu, kinafanana zaidi na kile cha sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun, ng'ambo ya pili ya bonde la Mto Kongo. Sokwe wa huko ni wa nususpishi, yaani tawi la spishi ileile, tofauti na hawa wetu. Kirusi cha sokwe wa mashariki, yaani hawa wa Gombe na jamaa zao, hakijapata kuonekana kwa binadamu hata mmoja.

Tarehe nazo zinawakana wazee. Jane Goodall, Mwingereza aliyeanzisha uchunguzi wa sokwe wa Gombe na aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, alishuka ufukweni Gombe mara ya kwanza Julai 1960. Damu ya zamani kuliko zote iliyothibitishwa kuwa na virusi vya UKIMWI ilichukuliwa Kinshasa, mji ulioitwa Léopoldville enzi hizo, mwaka 1959. Tena hata mwaka huo kirusi hakikuwa kigeni mjini humo: hesabu za kurudi nyuma kwa kutumia makosa ya vinasaba niliyoyataja zinaonyesha kwamba kiliingia kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba kufikia miaka ya 1920 kilikuwa tayari kinazunguka Kinshasa. Kutoka hapo kilisafiri kwa reli. Mwishoni mwa miaka ya 1940 treni za Kongo zilikuwa zikipitisha watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka katika mji huo, na sisi tuliokulia mwisho wa Reli ya Kati hatuhitaji kuelezwa jinsi stesheni inavyokutanisha watu ambao vinginevyo wasingejuana kamwe.

Kuhusu namna kilivyoruka kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu, maelezo yanayokubalika zaidi ni ya uwindaji. Mtu anayemchinja sokwe huku ana kidonda mkononi hugusana na damu yake moja kwa moja. Sokwe mwenyewe alikipata kwa njia inayolingana na hiyo, maana ni mwindaji pia, kama mnavyojua nyinyi mnaosikia kelele za mbega wekundu wakifukuzwa juu ya miti. Kirusi cha sokwe kimeonekana kuwa mchanganyiko wa virusi vya aina mbili za kima wa Afrika ya Kati, na inaelekea sokwe mmoja aliyewala wote wawili ndiye aliyeunganisha vinasaba vyao mwilini mwake.

Sasa niseme lile ambalo kwa maoni yangu ndilo lingepaswa kuvuma kijijini kwenu badala ya uvumi. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba SIV haimdhuru mnyama anayeibeba. Zaidi ya aina 40 za nyani na kima wa Afrika wana virusi vya jamii hiyo, na wale waliochunguzwa kwa makini walionekana kuishi navyo bila taabu, kana kwamba mwili na kirusi vimekwisha kuelewana. Sokwe naye akawekwa katika kundi hilo. Waliokuja kulibatilisha wazo hilo ni sokwe wa Gombe, kwa sababu huko kila sokwe anajulikana kwa jina, mama yake anajulikana, na siku aliyopotea imeandikwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia sokwe 94 kwa miaka tisa, na 17 kati yao wakaonekana kuwa na virusi. Baada ya umri kuzingatiwa, walioambukizwa walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao. Majike wenye virusi walizaa kwa nadra, na watoto waliowazaa mara nyingi hawakuishi. Mizoga ilipopasuliwa, wataalamu walikuta seli za kinga zijulikanazo kama CD4 zimepungua, na kwa jike mmoja hali ya mwili ilikuwa sawa na ya mgonjwa wa UKIMWI aliyefikia hatua ya mwisho. Kwa maneno mengine, sokwe huugua kama sisi, na huambukizana kama sisi pia, yaani kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kwa kuwa jike anapobalehe huweza kuhama kundi lake la kuzaliwa, kirusi nacho huhama naye.

Kundi la Kalande, upande wa kusini wa hifadhi, ndilo lililoumia zaidi. Huko karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na virusi, ilhali katika makundi ya Mitumba na Kasekela idadi ilikuwa kama mmoja kati ya wanane, na Kalande limepungua sana kwa miaka ambayo Kasekela limekuwa likijimudu. Lakini si kila aliyeambukizwa huangamia haraka. Utafiti mwingine, wa mwaka 2015, uligundua kwamba baadhi ya sokwe wa Gombe wana aina fulani ya jeni ya kinga inayowafanya wawe na virusi vichache mwilini, na jeni hiyo inafanana na ile ya binadamu wachache ambao huishi na VVU miaka mingi kabla ya kudhoofika. Mwambie mwanao amuulize mwalimu wa biolojia habari za jeni hiyo, kwani ni mfano mzuri kuliko ule wa njegere unaorudiwa kila mwaka katika somo la urithi.

SWALI: Kwako Mhariri. Mimi ni nahodha wa boti hapa Ujiji, na mara kwa mara napeleka wageni Gombe. Askari wa hifadhi hutuamuru tuvae barakoa na tukae mbali na sokwe, na mtu mwenye mafua hurudishwa. Je, ni kwa ajili ya hivyo virusi? Na sokwe akinikojolea kutoka juu ya mti, niende kupimwa?

JIBU: Nahodha, barakoa hiyo inamlinda sokwe dhidi yako. Kirusi cha SIV hakipiti hewani wala katika mate yanayoruka, na mkojo uliokudondokea kwenye ngozi isiyo na jeraha hauna sababu ya kukutoa usingizi. Oga tu kwa sabuni. Jambo la kuepuka ni kugusa damu au mzoga, na hilo si kwa ajili ya SIV peke yake, maana wanyama wa porini wana maradhi mengine pia.

Maradhi, hasa ya njia ya hewa, ndiyo yanayoongoza kwa kuua sokwe wa Gombe. Mafua ambayo wewe unayatibu kwa chai ya tangawizi na siku mbili za kulala yanaweza kumwua sokwe mwenye mtoto mgongoni, kwa sababu mwili wake ni ndugu wa mwili wako kiasi cha kuambukizwa, lakini haujapitia maradhi hayo kama wako ulivyoyapitia tangu utotoni. Mwaka 1966, baada ya polio kuonekana kwa watu wa eneo hili, sokwe kadhaa wa Gombe walipooza mikono au miguu na wengine wakafa. Chanjo ya matone ikaletwa, ikatiwa ndani ya ndizi, wakapewa waliobaki. Siku hizo ndizi zilikuwa zikitolewa kambini ili kuwavuta sokwe wakaribie, desturi ambayo imekwisha kuachwa, na kwa kweli ndiyo iliyowakusanya mahali pamoja na watu na kurahisisha kuambukizana.

Gombe nzima ina sokwe wapatao mia moja. Mgeni mmoja anayekohoa, aliyelipa pesa nyingi na asiyetaka kupoteza safari yake, ni hatari kubwa kwa idadi ndogo kama hiyo, kwa hiyo nakuomba umkague kabla hujawasha injini, ukiwa bado Ujiji. Askari akimrudisha mkiwa mmeshafika getini, lawama zote zitakuwa juu yako na mafuta yamekwisha kuungua.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Urambo mkoani Tabora. Akina dada hapa wananiuliza habari za sindano inayozuia VVU kwa miezi sita. Wengine wanaiita chanjo. Niwajibu nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waambie kwanza kwamba si chanjo. Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kinga yake wenyewe, na kinga hiyo hubaki. Hii ni dawa, inaitwa lenakapaviri, inachomwa chini ya ngozi na kutoka polepole kwa muda wa miezi sita, na ikiisha mwilini ulinzi nao umekwisha. Inashambulia ganda dogo linalofunika vinasaba vya kirusi, hivyo kirusi hushindwa kuingiza vinasaba vyake katika kiini cha seli na kushindwa pia kuunda virusi vipya.

Habari iliyowafikia hao dada inatokana na jaribio lililofanywa Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2024. Kati ya 2,134 waliopewa sindano, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Katika kundi la 1,068 waliopewa vidonge vya kinga vya kumeza kila siku, vya aina iliyozoeleka, waliambukizwa 16. Tofauti hiyo isiwafanye waseme vidonge havifai. Vidonge hufanya kazi vikimezwa, na vipimo vya damu vilionyesha kwamba wengi hawakuvimeza inavyotakiwa. Wewe uliye mtaani unajua sababu kuliko mimi: kopo la dawa likionekana chini ya godoro, mume au mama mkwe huanza kuuliza maswali ambayo msichana wa miaka 19 hawezi kuyajibu. Sindano mbili kwa mwaka hazihitaji mahali pa kufichwa, na mimi naona siri hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko hata ubora wa dawa yenyewe.

Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa kinga Juni 2025, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwezi uliofuata. Bei ya mwanzo ilikuwa ya kutisha, ila imetangazwa kwamba watengenezaji wa dawa za bei nafuu wataiuza kwa takriban dola 40 kwa mtu kwa mwaka katika nchi za kipato cha chini na cha kati kuanzia 2027. Wakati huo huo, vidonge vya kinga na kondomu vina kazi ileile.

Uwaeleze pia mambo mawili ambayo hayasemwi katika mazungumzo ya vijiweni. Anayetaka sindano hupimwa VVU kabla ya kuchomwa, kwa sababu dawa moja peke yake kwa mtu aliyekwisha kuambukizwa haimtibu, bali hukifundisha kirusi usugu. Na haizuii mimba, kaswende wala kisonono.