Fungu la michezo shule ya msingi: linatoka wapi, na liende kwa nani

Mwalimu mwenzangu, pole na hongera kwa pamoja. Umesema umepangiwa shule ya msingi hapa Tanga Jiji, umekabidhiwa idara ya michezo, ukakuta mpira mmoja uliopasuka na milingoti ya goli iliyooza, na mwalimu mkuu amekujibu kwamba fedha hakuna. Unauliza wenzako tunazipata wapi. Nimekuwa mwalimu wa michezo katika shule za mjini hapa kwa miaka mingi, na miaka kadhaa nimekaa kwenye kamati ya shule nikiwawakilisha walimu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili linanigusa.

Fedha ipo. Ni kidogo, lakini ipo. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Tuseme shule yako ina watoto 900: hiyo ni 5,400,000 kwa mwaka, sawa na 450,000 kwa mwezi. Shuleni kwetu fungu la michezo lilikuwa asilimia 10, yaani 45,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa watoto wote, kila mmoja anapata shilingi 50 kwa mwezi, 600 kwa mwaka mzima. Usiidharau hiyo 600. Kwa shule nzima ni 540,000, na mwalimu anayejua anachotaka anafanya nayo mengi.

Tatizo ni kwamba fungu hili halina mwenyewe. Chaki zikiisha, linaazimwa. Mitihani ya majaribio ikikaribia, linaazimwa. Bomba la maji likipasuka, linaazimwa, na hakuna siku linarudishwa, kwa kuwa hakuna aliyekuja na daftari kulidai. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni karatasi. Kamati ya shule inapokaa kuandaa mpango na bajeti ya mwaka, wewe uwe umeshapeleka ukurasa mmoja: vifaa gani, vingapi, bei ya dukani, vitatumiwa na darasa gani na mwezi gani. Mwalimu mkuu mwenye ukurasa huo mkononi ana cha kumwonyesha mkaguzi. Asiye nao atapeleka hela panapopiga kelele zaidi. Halafu omba kiasi cha fungu la michezo na matumizi yake vibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kwenye mstari wake, siyo kufichwa ndani ya "mengineyo". Mzazi anayepita akasoma "mipira ya netiboli 4, kamba 12" atauliza mwenyewe zilipo.

Hapo ndipo nawapa heko Waingereza. Mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya London, shule za msingi za England zilianza kupewa fungu maalumu la michezo. Lilipoongezwa maradufu mwaka 2017, shule yenye wanafunzi 17 au zaidi ikawa inapata pauni 16,000, na juu yake pauni 10 kwa kila mwanafunzi. Kiasi hicho sisi hatukifikii, wala sikitaji ili tusononeke. Ninachokitamani ni masharti yake. Shule ilitakiwa kuweka kwenye tovuti yake ilichotumia na kilichobadilika kwa watoto, na ilitakiwa pia kueleza ni wangapi kati ya wanaomaliza shule ya msingi wanaweza kuogelea mita 25. Sisi tunaoishi na bahari mbele yetu, kuanzia Sahare hadi Mwambani, hatumuulizi mtoto swali hilo kabisa, na kila mwenyeji wa pwani anajua mtoto aliyechukuliwa na maji.

Sasa nije kwenye jambo kubwa, ambalo wengi hawatapenda nilitamke. Hata shule inayolitoa fungu la michezo kikamilifu, kwa kawaida inalimaliza kwa UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi nchini. Mimi nayapenda mashindano hayo kwa moyo wangu wote. Nimewaona watoto wa mama lishe na wa wavuvi wakivuka ngazi ya shule, kata, wilaya na mkoa, wakapanda basi la kwenda taifa Tabora na kurudi wakiwa wanatembea tofauti. Lakini tazama hesabu. Kikosi cha soka, cha netiboli na wakimbiaji wachache, wote ni watoto thelathini au arobaini. Nauli yao, maji yao, jezi na viatu vyao vinakula fungu la watoto 900. Wale mia nane na zaidi waliobaki wanaambiwa wakae kivulini wawashangilie wenzao. Mtoto mnene, mtoto mwenye pumu, msichana mwenye haya, mtoto mwenye ulemavu wa mguu: hao ndio wanaohitaji zaidi mwalimu wa michezo, na hao ndio ambao hakuna kinachonunuliwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo shauri langu ni kutenganisha mifuko miwili tangu mwanzo wa mwaka. Fungu la ruzuku liwe la somo, la kila mtoto. Mtaala mpya unakupa nguvu ya kusema hivyo: darasa la 1 na la 2 wana Utamaduni, Sanaa na Michezo, na kuanzia la 3 hadi la 6 kuna Sanaa na Michezo. Ni somo kama Hisabati, lina kipindi chake kwenye ratiba, na somo lina haki ya vifaa. Safari ya mashindano itafutiwe wafadhili kando, maana huko ndiko wafadhili wanakopenda kutoa. Jezi zinapigwa picha.

Na kipindi hicho kipiganie kibaki asubuhi. Hili ni la kwetu pwani, na mwalimu aliyetoka bara anaweza asilione haraka. Ukisema michezo ni baada ya masomo, umeshawaondoa watoto wengi, kwani alasiri wako chuoni wanasoma Kurani, na mzazi hatamtoa mtoto chuoni kwa ajili ya mpira, wala usimwombe afanye hivyo. Mazoezi ya jioni yanabaki kwa wachache wale wale. Weka kipindi kabla jua halijakuwa kali, na utaona vifaa vile vile vinahudumia watoto mara nyingi zaidi. Kuhamisha kipindi hakuna gharama.

Kuhusu wasichana, nimejifunza kwa akina mama. Nilikuwa na wasichana wepesi ajabu waliokuwa wakikataa netiboli, nikadhani hawaipendi. Mama mmoja akaniambia wazi: mwanangu hatavaa kile kisketi mbele ya watu. Tulishona bukta pana za kufika chini ya goti na fulana za mikono mirefu, kwa kitambaa cha bei nafuu cha sokoni Mgandini, mafundi wakiwa ni wazazi wenyewe. Wasichana wakajaa uwanjani. Kwenye ukurasa wako wa bajeti weka pia taulo za kike na sabuni. Kuna watakaosema hivyo siyo vifaa vya michezo. Waambie msichana asiyekuwa navyo hachezi.

Vifaa vingine usikimbilie dukani. Tupo kwenye mkoa wa mkonge. Kamba ya katani ukiipata kwa urefu unakata kamba za kuruka, unapata ya kuvutana, unapata mipaka ya viwanja vidogo. Nenda soko la samaki Deep Sea uongee na wavuvi kwa heshima: nyavu zilizochakaa kwa bahari bado zinafaa kabisa golini, na wao wenyewe watakuonyesha namna ya kuziba matundu. Mpira wa nage unashonwa kwa soksi kuukuu na matambara. Nage, kuruka kamba, kombolela, mbio za kupokezana vijiti ni mazoezi halali. Darasa la watoto 90 ukiligawa vituo vitano, kila kituo na mchezo wake, hakuna anayesubiri zamu ya mpira mmoja. Hela taslimu zibaki kwa yasiyotengenezeka: mipira mizuri ya soka na netiboli, pampu na sindano zake, filimbi, bandeji na dawa ya vidonda. Milingoti ya chuma ukiipata, ipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla haijasimikwa, na kila mwaka irudiwe. Hewa ya chumvi ya hapa haina huruma.

Kabla ya vyote hivyo kuna kiwanja chenyewe. Shule zetu nyingi za mjini ziko wazi, hazina uzio, na kiwanja kinapungua polepole: njia ya mkato, halafu kibanda, halafu msingi wa nyumba. Nimeshuhudia shule ikipoteza pembe nzima ya uwanja kwa sababu hakuna aliyekuwa na ramani ya kuonyesha mpaka. Muulize mwalimu mkuu kama eneo limepimwa na kama hati ipo. Kama hakuna, kamati iandike kwa mkurugenzi kupitia afisa elimu kata kuomba upimaji, na wakati mnasubiri pandeni minyaa mpakani. Ikiwa mwaka huu utafanya jambo moja tu, lifanye hilo. Mpira utanunuliwa mwakani. Ardhi ikishakwenda hairudi.

Fedha za nje ya ruzuku sasa. Michango ya wazazi iendee kwa uangalifu mkubwa. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango shuleni, na mzazi mwenye nia akaelekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri. Usipokee hata shilingi mia mkononi mwako, na mtoto asirudishwe nyumbani wala asitolewe kwenye mchezo kwa sababu ya mchango. Peleka hoja kwenye mkutano wa wazazi na walimu, mihtasari iandikwe, kibali kiombwe, fedha ziingie akaunti ya shule kwa stakabadhi.

Kwa kampuni, na Tanga tunazo, kuanzia saruji na mkonge hadi bandarini, omba kitu badala ya fedha. Barua ya ukurasa mmoja, imesainiwa na mwalimu mkuu na kupitia halmashauri, yenye idadi kamili: mifuko kadhaa ya saruji, mabomba ya urefu fulani, picha ya uwanja ulivyo, tarehe mtakayoanza. Walionijibu ni wale niliowaomba kitu kinachoonekana.

Mbunge naye ana Mfuko wa Jimbo uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, na kamati yake huvutiwa na mradi ambao wananchi wameshautia mikono. Wazazi wakisawazisha uwanja kwa majembe Jumamosi mbili, piga picha, ambatanisha. Na kabla hujamwahidi fundi kazi yoyote ya fedha za shule, kaa na mhasibu wa halmashauri akueleze ununuzi huo unapitaje kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Nimeona kazi nzuri zikikwama miezi kwa kuwa fundi hakuwa amesajiliwa.

Mwenyeji wako mwingine ni afisa michezo wa Jiji. Nenda umwone mapema, kabla msimu wa UMITASHUMTA haujamzonga. Mara nyingine anajua shule yenye vifaa viwili vya aina moja na iliyo tayari kuazima.

Ukiweza, weka hapa idadi ya wanafunzi wenu, madarasa yana mikondo mingapi, na kiwanja kina ukubwa gani. Nitakuandalia mfano wa ule ukurasa mmoja wa bajeti uupeleke kwenye kikao cha kamati.